Diski Yenye Jina la Mkwe

Kompyuta yangu ilipougua, haikuugua kistaarabu. Ilianza kwa kumtumia padre wa parokia yetu tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Padre mwenyewe ana tumbo la heshima, na jioni ile alinipigia simu akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ninalotaka kumwambia. Sijamaliza kumwapia kwamba si mimi, tangazo hilohilo likamfikia mwenye nyumba wangu, kisha mwalimu mkuu aliyenipa kazi ya kupiga picha za mahafali, kisha mama yangu mzazi, ambaye ni mwembamba kama ufito na akakasirika kuliko wote.

Mimi ni Veneranda. Napiga video za harusi hapa Ipogolo, barabarani kabisa, na mlango wa studio yangu nimeupaka rangi niliyoichagua mwenyewe, ingawa mume wangu Lusekelo anasema inafanana na dawa ya kikohozi. Yeye anaendesha lori la mbao kutoka Mafinga, kwa hiyo maoni yake nayasikia mara mbili kwa wiki tu, na yananitosha.

Ugonjwa ule uliletwa na flashi ya MC Aroni. Aroni ni mshereheshaji hodari, lakini flashi yake imetembea nusu ya mji huu, imeingia kila steshenari na kila gari la matangazo, na siku hiyo aliichomeka kwenye mashine yangu bila hodi ili anipe nyimbo za kuingizia maharusi ukumbini. Kesho yake mafolda yangu yalikuwa yamegeuka vivuli. Unabonyeza, hakifunguki kitu, huku feni ikinguruma kama lori la Lusekelo likipanda mlima. Nilimpigia Aroni nikamwambia maneno ambayo siku ya kuungama itabidi niyarudie.

Ningeweza kucheka yaishe. Lakini ndani ya kompyuta ile mlikuwa na harusi ya Chiku.

Chiku ni binti wa Bi Amna, mwenye duka la vitambaa pale mjini Iringa. Kwenye sherehe yao ya wanawake mlangoni kuliwekwa kikapu, na kila mgeni aliacha simu humo, ili watu wavue mabaibui wacheze kwa amani bila kujikuta wanatazamwa na mji mzima. Iliruhusiwa kamera moja tu, yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na Bi Amna ananiamini. Karibu na mwisho akaletwa Mzee Selemani, baba yake Bi Amna, aje kumwombea mjukuu wake dua. Wanawake wakajitanda upesi. Mzee alikuwa mtu wa fimbo kwa miaka mingi, na tangu mkewe afariki alikuwa hasemi sana. Alipofika mlangoni ngoma ilikuwa haijanyamaza. Akasimama, akaisikiliza, akampa Bi Amna ile fimbo kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshikie, akacheza. Mabega yalikwenda, shingo ilikwenda, na miguu ambayo hakuna aliyeitegemea ikafuata. Vigelegele vilipozidi mzee akaona haya, akaomba fimbo yake.

Mwezi haukuisha, akafariki.

Baada ya matanga Bi Amna alikuja studio akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua viatu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Vene," akaniambia, "watu wote wananisimulia baba alivyocheza. Mimi sikuona. Nilikuwa nalia, nimejifunika kanga usoni kama mtoto. Fimbo nimeshika mimi, mimi mwenyewe, na sikuona. Nataka nimwone."

Nilimwahidi video ndani ya wiki ile. Wiki ile ndiyo kompyuta ikaugua. Na kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta kwa ajili ya kazi nyingine, kwa sababu kadi zangu ni chache na watu wa Iringa wanaoana bila huruma.

Sasa, mafundi wapo wengi mjini, na wazuri, lakini wote ni wanaume, na fundi akishaifungua mashine yako anaona kila kilichomo. Video ya wanawake waliovua mabaibui siwezi kuikabidhi kwa mwanamume, hata awe shemasi. Nilikaa nikafikiri, nikaona kwamba fundi ninayeweza kumwamini kwa jambo hili ni mmoja tu chini ya jua: baba mkwe wangu. Alifanya kazi ya mitambo ya simu mpaka akastaafu, sasa ana duka la kutengeneza kompyuta Soweto, Mbeya. Yuko mbali, kwa hiyo asingeona chochote, angeelekeza tu. Na hata angekuwa karibu, yeye hawezi kuniangalia hata mimi mwenyewe.

Mimi ni Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Kwa mila ya ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Tukikutana njiani mmoja anakata kona. Jina lake silitaji, na neno linalokaribiana nalo nalizunguka. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, hata majirani zao palepale Soweto wanakula meza moja na wakwe zao wakicheka. Lakini mama mkwe wangu, Mama Tusajigwe, hajaiacha, na katika nyumba ile anayeamua ni yeye. Mila haikusema kitu kuhusu simu, maana simu hazikuwepo. Mama mkwe akaamua kwamba sikio nalo ni uso. Basi tangu niolewe nilikuwa sijawahi kubadilishana na mkwe wangu hata neno. Nilimjua kwa kikohozi.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko?"

Nikamweleza yote, na habari za Bi Amna na baba yake. Akanigeukia mgongo, yaani akaifunika simu kwa kiganja, nikasikia sauti nene ikinguruma mbali, kisha mama akarudi.

"Anasema hiyo ni kirusi."

"Hapana mama, maandishi ni ya Kiingereza."

"Mimi nakwambia alivyosema. Anasema kata mtandao kabisa, hicho kirusi kisipate wa kuongea naye. Halafu paswedi zako zote badilisha, lakini kwa simu, siyo kwa hiyo kompyuta, maana itakuangalia unavyoandika. Halafu video zako hazijafutika, zimefichwa tu; zifichue, uzihamishie kwenye diski. Video tu. Programu usibebe hata moja, hata ikikulilia."

Nilifanya yote. Diski ninayo moja, na nayo ilitoka dukani kwake, alimpa Lusekelo aniletee siku nilipofungua studio. Ila baba mkwe ana tabia yake: kila diski inayotoka dukani kwake huipa jina lake mwenyewe, isipotee. Ukiichomeka tu, jina lake linatokea kwenye kioo kwa herufi kubwa. Ningeweza kulibadilisha. Lakini kumfuta mkwe jina niliona ni utovu wa adabu kuliko hata kulitaja, basi nikaliacha, nikajizoeza kulitazama kwa pembeni.

Flashi ya kupigia windo ilikuja na basi. Mafundi wetu husema hivyo, kupiga windo, maana yake ni kufuta kila kitu kwenye mashine na kuweka mfumo mpya, na flashi ya kufanyia hivyo ni lazima iandaliwe kwenye kompyuta nzima, si kwenye ile mgonjwa. Baba mkwe aliandaa yake Soweto, akampa mama aitume. Sasa mama mkwe wangu hawezi kumtumia mtu bahasha tupu, anaona ni kumtukana. Konda alinikabidhi mfuko wa mchele wa Kyela, nikaufungua nikiwa palepale kituoni, nikazamisha mkono hadi kiwiko, na abiria wa basi zima wakanitazama madirishani nikikoroga mchele mbichi mpaka nikaitoa flashi. Mzee mmoja akaniuliza kama nitapata na nyingine.

Mchana wa Alhamisi nikafunga mlango wa studio, nikaweka simu kwenye spika juu ya meza, na kazi ikaanza. Mama mkwe alikuwa jikoni kwake na maharage motoni. Baba mkwe alikuwa ukumbini. Mama alikwenda na kurudi katikati yao, na mimi nikawa nazisikia ndala zake.

"Anasema diski ya nje," mama akatangaza.

"Ndiyo mama, ya nje kabisa," nikajibu. Nilijua ni ya nje, maana Lusekelo alishaniambia siku nyingi kwamba baba yake hauzi diski za kichochoroni, huagiza kutoka Dubai.

Ndala zikaenda, zikarudi. "Ameridhika. Anasema washa, na flashi iwe ndani."

Nikawasha. Kioo kikawa cheusi, kisha cha buluu, nikabonyeza nilipoambiwa, nikakubali nilivyoambiwa nikubali, mpaka nikafika mahali ambapo mashine inakuuliza ifute wapi. Hapo nikasita, kwa sababu nilijua kwamba kikifutwa hapo hakirudi.

"Mama, naona diski mbili. Diski sifuri na diski moja."

"Sifuri na moja," mama akasema, "ni moja. Mbili umezitoa wapi?"

"Mwambie hivyohivyo mama, ataelewa."

Alikwenda. Akarudi. "Anashangaa kidogo. Anasema ipi kubwa?"

"Zinalingana."

"Anasema basi soma majina yake."

Diski sifuri haikuwa na jina. Diski moja ilikuwa na jina, kwa herufi kubwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiacha imechomekwa. Nililitazama jina lile kwa pembeni, kama kawaida yangu.

"Mama, hiyo diski moja ina neno."

"Neno gani?"

"Neno ambalo siwezi kulitaja."

Nikamsikia mama akiondoka, na safari hii hakufunika simu vizuri, kwa hiyo nilimsikia akimwambia mumewe: "Kuna neno baya limeandikwa. Mtoto wa watu anaona haya kulisema."

Ile sauti nene ikajibu kwa kujiamini kabisa, na mama akaniletea jibu motomoto: "Anasema ndiyo hicho kirusi. Kina kawaida ya kuandika matusi. Futa hiyo."

Diski ile ndiyo ilikuwa imembeba Mzee Selemani. Nyingine ingefutwa leo kwa vyovyote, ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Nikifuta na hii, basi mabega yale yamekwenda, na Bi Amna ataendelea kusimuliwa maisha yake yote.

"Mama, hapana. Hiyo ndiyo yenye harusi."

"Anasema usiogope, futa." Hata hakwenda kumuuliza. Maharage yalikuwa yanaungua, niliyasikia.

Na mimi nikaanza kuingiwa na shaka. Huyu mtu ametengeneza kompyuta miaka mingi, na mimi najua kuhariri tu. Labda kirusi kilihama na video zile. Labda nikiiacha, siku nitakayorudisha mtandao, wale wanawake wote waliovua mabaibui mbele ya kamera yangu watatawanywa duniani kama kirusi kile kilivyotawanya tangazo la dawa ya tumbo. Nikapeleka mshale juu ya diski moja. Nikaurudisha. Nikajaribu njia ya pembeni.

"Mama, neno lenyewe linaanza na I, halafu S..."

"Koma hapohapo," mama akasema. "Kutaja vipandevipande ni kutaja. Mimi siwezi kulipeleka tusi ukumbini kwa mafungu."

"Mama, nisikilize. Siyo tusi. Ni jina la baba."

Nikasikia ndala, na sauti ya mama ikiwa imelainika, imejaa huruma: "Ameanza kusali. Kwa jina la Baba. Si unajua ni Mkatoliki."

Na baba mkwe, kutoka ukumbini, kwa sauti niliyoisikia wazi: "Asali amalize. Lakini afute."

Hapo nikashindwa. Nakubali kwamba nina hasira za karibu, nyumbani kwetu tunazo wote, lakini ile haikuwa hasira tu, ilikuwa na machozi ndani yake.

"Baba," nikasema, na sikuwa nasema na mama tena, nilikuwa nasema na nyumba nzima. "Kwenye diski pameandikwa Isakwisa. Isakwisa! Ni diski iliyotoka dukani kwako, ina jina lako, ndani yake kuna harusi ya watu, na sijaichomoa."

Hata maharage yalinyamaza. Nilisikia mama akisema polepole, "Yesu wangu," kisha kitu kikakwaruza, kisha pumzi ya mtu mzima karibu kabisa na simu.

"Veneranda."

Naye alikuwa hajawahi kulitaja langu. Sauti yake ilikuwa ya chini na taratibu kuliko kikohozi chake.

"Abee baba."

"Toa mkono kwenye mausi."

"Nimeshatoa."

"Zima mashine. Chomoa hiyo diski. Nilisema diski ya nje ichomolewe, ile inayoning'inia nje ya mashine."

"Mama alisema diski ya nje, baba. Nikasema ndiyo, ni ya nje. Ya Dubai."

Nikasikia sauti kama ya mtu anayesukuma kabati zito. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamjia, kile ninachokijua.

"Kwa hiyo mimi," akasema alipopata pumzi, "nimekuamuru unifute mimi mwenyewe."

"Mara mbili baba."

"Na tusi lenyewe ni mimi."

Nyuma yake nikamsikia mama mkwe akisema kwamba haya mambo hayachekwi, mila itadai kuku. Baba mkwe akamjibu kwamba kuku atatoa yeye, kwa kuwa mwenye kosa ni aliyetoa amri, na kwamba aende akatazame maharage. Cha ajabu, mama akaenda. Simu ikabaki mikononi mwa baba, na tangu hapo hakuna aliyesimama katikati yetu.

Kazi ikawa rahisi kama kumenya ndizi. Nilipowasha tena, diski ikabaki moja. Akaniambia nifute sehemu zake zote, moja baada ya nyingine, nisiache hata kile kipande kidogo kinachojifanya hakina madhara, mpaka pabaki uwanja mtupu. Nikafuta, na nikiri kwamba nilifurahia. Mfumo mpya ulipokaa, akanikataza kugusa diski ya harusi hadi mashine ipate masasisho yote na kinga yake iamke. Tukangoja. Katika kungoja akaniuliza mchele ulifika salama, nikamwambia habari za kituoni, akacheka tena kicheko kile cha kabati. Ndipo akaniruhusu kuchomeka diski, nikaipekua yote kwa kinga kabla ya kufungua kitu. Ilikuwa safi.

"Sasa toa nakala ya pili," akasema. "Nakala moja ikae mbali na hapo, kwa mtu unayemwamini. Kitu cha thamani hakikai sehemu moja. Na huyo MC wenu?"

"Flashi yake itakuwa inaachwa mlangoni, baba, kama watu wanavyoacha viatu msikitini."

Bi Amna alikuja Ijumaa baada ya swala. Safari hii alivua viatu. Nilifunga pazia, nikamwekea kiti mbele ya kioo, nikabonyeza, nikataka kutoka. Akanishika mkono nikae.

Mzee Selemani akatokea mlangoni. Akasikiliza ngoma. Akatoa fimbo.

Bi Amna alianza kwa kucheka. "Tazama hayo mabega. Kumbe ya Chiku yametoka huku, na mimi namsingizia baba yake." Kisha akasogeza kiti, uso ukawa karibu kugusa kioo. Pembeni mwa picha, nyuma ya mzee, alisimama mwanamke ameshika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amejifunika kanga.

"Huyo mjinga ni mimi," akasema. "Mwambie afunue uso, Vene. Mwambie atazame."

Alilia wakati huo, lakini macho hakuyafunika. Tuliirudia mpaka adhana ya alasiri, na mwisho alikuwa anajua mzee atainua bega lipi kabla hajaliinua.

Jioni simu iliita, namba ya Mbeya. Nilijua ni mama, nikaanza shikamoo yangu.

"Ni mimi," sauti nene ikasema. Alikohoa kidogo. "Yule mama. Alimwona baba yake?"

"Alimwona, baba. Amemtazama mchana kutwa."

"Na mzee mwenyewe alicheza vizuri?"

"Alicheza vizuri sana."

Nilisikia redio ikiongea nyumbani kwao, na mama akiuliza kutoka jikoni ni nani huyo anayepigiwa.

"Magoti yangu bado yananisikiliza kidogo," akasema baba mkwe. "Krismasi mkija, usikae jikoni. Njoo na kamera."

Nikamwambia nitakuja nayo, na betri mbili.